Kwadi iliyokunywa maji Usangu: uchambuzi wa kisa kimoja

Mashine yenyewe ni pikipiki ya matairi manne, cc 250, silinda moja, kabureta, injini inayopozwa na upepo, gia za mguu na klachi ya mkono. Nyuma haina cheni. Ina shafti inayoingia kwenye boksi la gia katikati ya ekseli. Ni ya Kichina. Ukiivua plastiki zake, fundi yeyote wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, atakuambia injini hii ni ndugu wa zile zilizofungwa kwenye maguta ya kubebea mizigo, na undugu huo ndio uliofanya kazi iende bila kusubiri spea kutoka Dar es Salaam. Shambani wanaiita kwadi, nami nitaiita hivyohivyo.

Shamba ni la mpunga, bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, upande wa chini ya Chimala. Mwenye shamba ni mama mtu mzima, mkali kwenye hesabu na mwepesi wa kulipa kazi akishaielewa. Kwadi ndiyo inayobeba mbolea na mipira ya pampu, na ndiyo inayozunguka majaruba wakati ambapo gari lolote likithubutu kuingia litatolewa kwa trekta.

Kilichotokea si kigeni kwa anayeijua Usangu. Bondeni siku ile haikunyesha. Ilinyesha juu, Matamba na milima ya Kipengere, na maji yakashuka. Ukisimama Chimala ukainua macho kwenye ile barabara ya kona 57 unaona mawingu meusi huko juu, na wewe miguu yako iko kwenye vumbi. Saa chache baadaye mkondo uliouvuka asubuhi kwa maji ya kifundo cha mguu unakufika kiunoni. Dereva, kijana wa palepale, alivuka asubuhi bila shida. Jioni alikuta mkondo umejaa, akajaribu. Matairi ya kwadi ni mapana na yamejaa hewa, kwa hiyo kwenye kina kirefu yanaanza kuelea na kuacha kushika ardhi. Nyuma ikanyanyuka, mkondo ukaisukuma, ikalala ubavu. Kijana alitoka salama. Kwadi ikalala majini mpaka asubuhi.

Nilipopigiwa simu gerejini kwangu Mbeya, ilikuwa imeshavutwa nje na imeshafanyiwa mambo mawili. Kwanza, walibonyeza selfu, ile mota ya kuwashia. Ikagonga "ko!" mara moja na kukaa kimya, wakabonyeza tena na tena mpaka betri ikaisha. Pili, walipoona betri imeisha, wakaifunga kamba kwenye pawatila, yaani trekta dogo la mkono, wakaingiza gia, wakaivuta ili iwake kwa kustuliwa. Haikuwaka. Nilimuuliza dereva kwenye simu: matairi ya nyuma yalizunguka? Akasema hapana, yaliteleza tu kwenye tope kama yamefungwa breki.

Jibu hilo lilinipa matumaini kuliko lolote nililosikia siku ile. Na hapa ndipo nitakaa kidogo, maana kwa maoni yangu kwadi nyingi zinazoitwa zimeuawa na maji zimeuawa ufukweni, na watu wenye nia njema, ndani ya saa ya kwanza baada ya kutolewa.

Maji hayakubali kugandamizwa. Hewa na mvuke wa petroli vinakubali, na injini nzima imejengwa juu ya kukubali huko. Injini hii ina mgandamizo wa karibu 9 kwa 1: sehemu tisa zinabanwa ziwe moja, yaani pistoni inafagia sehemu nane na kuacha moja. Chukua cc 250 ugawanye kwa 8, utapata nafasi inayobaki juu ya pistoni ikiwa imefika juu kabisa: mililita 31 hivi. Ni vijiko viwili vya mezani. Maji yakizidi vijiko hivyo viwili, valvu zote zikiwa zimefungwa na pistoni inapanda, kuna kitu lazima kisimame au kipinde. Selfu ya injini ndogo kama hii kwa kawaida inasimama, na hiyo "ko!" waliyoisikia ndiyo pistoni ikigota kwenye maji. Lakini pawatila inayovuta kwadi yenye uzito wa zaidi ya kilo 200, matairi yakiwa yameshika ardhi kavu, haisimami. Nguvu yote inapita kwenye magurudumu, inaingia kwenye gia, inafika kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na konrodi, mkono unaoziunganisha hizo mbili, inapinda. Tope jeusi la mbuga ndilo lililoiokoa. Matairi yalikosa pa kushika, krenki haikuzunguka. Wangekuwa wameivutia kwenye barabara ya changarawe, kisa hiki kingekuwa kifupi na bili ndefu.

Maagizo niliyotoa kwa simu yalikuwa machache. Ondoa waya wa betri. Usiguse selfu. Tafuta spana ya plagi. Hawakuwa nayo, lakini plagi ya injini hizi ni ya saizi ileile ya bodaboda nyingi za Kichina, kwa hiyo spana ilipatikana kijiweni. Toa plagi, ingiza gia ya juu kabisa, nyanyua nyuma, zungusha gurudumu kwa mkono taratibu. Maji yaliruka kupitia tundu la plagi, kijana akaniambia yamemlowesha shati. Endeleeni mpaka yaishe, kisha mimina oili safi kidogo kwenye tundu hilohilo, zungusha tena, rudisha plagi kwa mkono tu, leteni Mbeya.

Hiyo oili kidogo ina kazi kubwa. Ukuta wa silinda ni chuma kilichosuguliwa kikang'aa. Chuma hicho kikiwa ndani ya maji kinakaa, lakini ukikitoa kikapata hewa kikiwa bado kimelowa, kutu inaanza siku hiyohiyo. Watu wanadhani hatari imekwisha pale mashine inapotoka mtoni. Kwa silinda na beringi, saa imeanza kuhesabu pale.

Swali la inawaka au imezimwa

Ilipanda Mbeya kwa Canter iliyokuwa inaleta mchele, dereva akaja nayo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana wangu. Pole. Ulizima mwenyewe au ilizimika?"

"Nilizima, fundi. Nilipoona maji yanapanda nikageuza ufunguo."

Ni swali ambalo kila fundi analazimika kuuliza, na ni swali ambalo dereva aliyeajiriwa anaogopa kulijibu. Injini iliyozama ikiwa imezimwa ni kazi ya kusafisha. Injini iliyozama ikiwa inazunguka ni kazi ya kupima chuma kwanza. Tofauti ya gharama kati ya hizo mbili ni kubwa, kwa hiyo simwamini mtu, naamini boksi la eya klina, lile chujio la hewa.

Tulivua siti tukafungua boksi. Sponji ya eya klina ilikuwa imejaa tope, hilo nililitegemea. Lakini ilikuwa pia imechomoka kwenye fremu yake na kona moja imeingia ndani ya shingo ya kabureta, imenyonywa ikabana. Maji yanayojaa taratibu kwenye injini iliyolala hayanyonyi sponji hivyo. Pistoni ndiyo inayonyonya.

Nikamwonyesha. "Hapa si kituo cha polisi, hapa ni gereji. Jibu lako halipandi kwenye bili. Nataka kujua nipime nini tu."

Akatazama ile sponji. "Ilikuwa gia namba mbili, fundi. Nilikuwa nimevuta mafuta mpaka mwisho."

Basi tulijua. Na sponji ileile iliyomsuta ndiyo iliyotuambia kwa nini huenda injini ilipona: ilipolowa tope iliziba njia ya hewa kabla ya maji mengi kupita. Injini ilikabwa pumzi, mzunguko ukashuka, ikafa. Maji yaliyoijaza yaliingia baadaye, ikiwa imelala ubavu, kupitia shingo ileile, kupitia egzosi na kupitia mpira wa kupumulia wa injini. Hiyo ni tafsiri yangu ya ushahidi, na ilibaki kuthibitishwa kwa kipimo.

Oili

Nati ya oili ilifunguliwa taratibu, chombo safi kikiwa chini. Kwa kuwa kwadi ilikuwa imetulia usiku kucha pale gereji, maji yalikuwa yamejitenga chini, na yakatoka kwanza: ya kahawia, yenye mchangamchanga ukiyasugua kati ya vidole. Halafu ikafuata oili yenyewe, nzito, rangi ya chai ya maziwa. Injini hii inachukua oili kiasi cha lita moja na ushee, na kilichotoka kilikuwa zaidi sana ya hapo.

Kwenye pikipiki za aina hii oili ni moja kwa injini, gia na klachi. Kwa hiyo maji yakiingia, yameingia kote. Mchanga pia.

Fundi mmoja wa njiani alikuwa ameshawashauri: mwaga oili, jaza dizeli, washa dakika tano, mwaga, weka oili mpya, kazi imekwisha. Ushauri huu unazunguka kila gereji kuanzia Tunduma hadi Makambako, na una nusu ya ukweli ndani yake. Dizeli inasafisha vizuri. Tuliimimina, tukazungusha injini kwa mkono kupitia gurudumu la nyuma, tukamwaga, na ilitoka na uchafu mwingi. Lakini kuwasha injini juu ya dizeli ni jambo jingine. Utando wake ni mwepesi mno, na kemu, ile inayofungua valvu, ikisugua juu ya utando huo huku kuna mchanga ndani inalika papo hapo. Dizeli kwa mkono, sawa. Dizeli kwa moto, hapana.

Halafu tulifungua kifuniko cha upande wa klachi. Hapa ndipo mama mwenye shamba alipopiga simu kuuliza kwa nini tunashusha injini yake wakati alisikia shida ni maji tu. Nilimweleza kwamba hatujashusha injini, tumefungua ubavu. Ndani kuna kikombe kinachozunguka na krenki, kazi yake kurusha uchafu wa oili pembeni ukagande humo. Injini hizi hazina chujio la karatasi kama la gari, zina kikombe hicho na wavu chini. Kikombe kilikuwa na udongo uliokaa tabaka, ukiukwangua kwa bisibisi unatoka kipande. Wavu ulikuwa umeziba karibu nusu. Hakuna oili ya kusuuzia ambayo ingetoa udongo ule. Ungebaki pale, na siku injini imepata moto vizuri ungeanza kupukutika na kuingia kwenye njia za oili. Nilimpigia picha nikamtumia. Hakuuliza tena.

Baada ya kufunga, tuliweka oili namba 40 ya bei nafuu kwa ajili ya kusuuza, nayo ikazungushwa kwa mkono kabla ya kitu kingine chochote.

Petroli na moto

Tenki halizibi maji. Kifuniko kina tundu la kupumulia, na tundu linalopitisha hewa linapitisha na mto. Tulitoa petroli kidogo kupitia mpira wa chini tukaiweka kwenye chupa nyeupe: maji chini, petroli juu, mstari katikati unaonekana wazi. Petroli nyepesi siku zote inakaa juu, na mpira wa kabureta unavuta kutoka chini, kwa hiyo tenki linaweza kuwa limejaa petroli nzuri na injini ikanyweshwa maji matupu. Tenki lilimwagwa lote, likasuuzwa. Kabureta ilifunguliwa, bakuli lake lilikuwa na ute wa udongo laini na jeti ndogo, kitundu kinachopimia petroli, imeziba kabisa. Ukisafisha bakuli ukaiacha jeti hiyo, injini itawaka ukivuta mafuta na kuzima ukiyaachia, na utatafuta ugonjwa wiki nzima.

Umeme haukuwa na maajabu. Kila soketi ya waya ilitenganishwa, ikapulizwa na kompresa, ikaachwa juani, ikarudishwa na grisi kidogo. Kofia ya plagi ilikuwa na maji ndani. Hilo husahaulika sana. Betri ilichajiwa ikakubali. Selfu ilifunguliwa yote, kaboni zikasafishwa, bushi zikatiwa grisi, maana selfu iliyolala majini usiku mzima ikirudishwa bila kufunguliwa huwa inafanya kazi vizuri kwa muda wa kutosha tu fundi kulipwa.

Egzosi ilihitaji akili ndogo: nyanyua mbele juu kabisa, maji yatoke nyuma. Yalitoka mengi.

Kupima konrodi bila kuifungua

Konrodi iliyopinda inafupika. Ikifupika milimita 2 tu, pistoni haifiki juu ilipokuwa inafika, nafasi ya juu inaongezeka kwa mililita 7 hivi, na mgandamizo unashuka kutoka 9 hadi karibu 7 na nusu. Hilo linaonekana kwenye geji ya mgandamizo.

Shida ni kwamba namba za kitabu zinadhani uko pwani. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa tunayovuta ina mgandamo wa kama asilimia 80 na ushee ya ule wa Dar es Salaam. Injini nzima kabisa ikipimwa hapa itasoma chini kwa kiasi hichohicho. Nimeona injini zikifunguliwa bure mjini hapa kwa sababu mtu alisoma namba ya kitabu akaogopa. Nimeona pia kinyume chake, injini mbovu ikipita kwa kuwa fundi ameshazoea kuona namba ndogo.

Njia yetu ilikuwa kutafuta mwenzake. Kuna guta la kubeba matofali linalolala jirani na gereji, injini ya ukoo uleule, nzima, mwenyewe hana malalamiko. Tulipima zote mbili zikiwa baridi, geji ileile, plagi nje, mafuta yamevutwa mpaka mwisho ili hewa ipite, betri ileile. Kwadi ilizungushwa kwanza bila geji mpaka oili tuliyoimimina kwenye silinda itoke, kwa sababu oili inaziba pembeni mwa ringi za pistoni na kupandisha namba kwa uongo. Tofauti kati ya kwadi na guta ilikuwa ndogo kuliko ile unayoipata ukipima injini moja mara mbili. Konrodi ni nzima.

Kama kipimo kingeshuka, ningeshusha injini bila kujaribu kuiwasha. Konrodi iliyopinda kidogo inaweza kutembea miezi, kisha ikakatika na kutoboa injini.

Imewaka

Iliwaka bila kusumbua. Moshi mweupe mwingi, mvuke wa maji yaliyobaki kwenye egzosi, na juu yake harufu ya oili tuliyoiweka kwenye silinda. Vijana wa gereji wakapiga makofi. Dereva alikuwa wa kwanza kumpigia mama.

Simu ikaja kwangu muda huohuo. "Fundi, baba yangu, nasikia imewaka. Basi ipakie leo, mbolea ya kukuzia inanisubiri huku."

"Imewaka, mama. Haijapona. Nipe muda."

Hakufurahi, na sikumlaumu. Mbolea ya kukuzia ina wakati wake, mpunga haumsubiri fundi. Lakini kuwaka kunathibitisha mambo matatu tu: moto upo, petroli ipo, mgandamizo upo. Hakusemi lolote kuhusu beringi, wala maji yaliyojificha kwenye kona za injini ambazo nati ya oili haizifikii.

Maji hayo hutolewa kwa joto. Injini iwake mpaka ipate moto kweli, izimwe, oili imwagwe ingali ya moto, iwekwe nyingine, irudiwe. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuwasha dakika mbili, kuzima, kuwasha tena jioni dakika mbili, akidhani anaikausha. Anaongeza maji. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, na lita moja ya petroli inazaa karibu lita moja ya maji. Kwenye injini ya moto yanatoka na moshi, kwenye injini ya baridi sehemu yake inapita pembeni mwa ringi na kugandia kwenye oili. Na hali ya hewa ya Mbeya, ambako injini inapoa haraka, haisaidii.

Tuliirudia mpaka oili ikapita mtihani. Mtihani ni rahisi na hauhitaji chombo chochote cha kununua: pasha kipande cha bati, dondoshea tone la oili uliyoitoa. Likitulia na kusambaa tu, ni oili. Likitatarika na kurukaruka, bado kuna maji, hata kama kwa macho inaonekana safi. Oili ya mara ya kwanza ilitatarika mpaka kijana aliyekuwa ameinama akarudi nyuma. Ile ya kati ilionekana safi kabisa kwenye chupa, na bado ilitatarika kidogo. Hiyo ndiyo ambayo ingesafiri kwenda Usangu kama tungeipakia siku ile. Ya mwisho ilitulia. Ndipo tukaweka oili ya pikipiki inayostahili. Sikuweka ya gari, kwa kuwa klachi inaogelea humohumo na baadhi ya oili za gari zina vitu vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze.

Jambo dogo: plagi ilitoka nyeusi baada ya majaribio ya barabarani kuelekea Uyole, na msaidizi wangu akadhani bado kuna tatizo. Hapakuwa na tatizo. Kabureta hii imepimiwa hewa nzito zaidi; huku juu petroli inazidi hewa kidogo na plagi inafanya masizi. Usangu iko chini kwa mamia ya mita, plagi itajisafisha yenyewe. Hatukugusa jeti.

Yasiyo injini

Boksi la gia la nyuma lina oili yake, namba 90, peke yake. Lilikuwa limejaa maji. Boksi linalofanya kazi linapata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kupitia mpira mdogo wa kupumulia. Likitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa inasinyaa na boksi linavuta ndani chochote kilicho mdomoni mwa mpira, na kama mpira umeziba kwa tope, linavuta kupitia sili. Mpira wa kwadi hii ulikuwa umeishia palepale juu ya ekseli. Mmiliki wa kwadi anaweza kubadilisha oili ya injini mara kumi na asiwahi kuifungua nati hii, kisha baada ya masika anasikia mngurumo nyuma na kulaumu barabara. Tulimwaga, tukasuuza, tukajaza, na kurudia baada ya majaribio.

Breki zilifunguliwa zote. Beringi za magurudumu ya mbele zilikuwa na mchanga. Nilizizungusha kwa kidole, zikakwaruza. Nilishauri zibadilishwe. Mama alisema zitasubiri mavuno. Ni mali yake, nikaandika kwenye risiti kwamba hazikubadilishwa na kwamba zitaanza kupiga kelele. Zilianza, naye akanunua, dereva akazifunga mwenyewe.

Kwa mwenye kwadi ya gia otomatiki niongeze neno. Ile ina mkanda ndani ya nyumba yake, na nyumba hiyo ikijaa maji mkanda unateleza: injini inanguruma, magurudumu hayaendi. Chini ya nyumba kuna nati au kizibo cha kumwagia. Fungua, mwaga, kausha, na usilazimishe mafuta mkanda ukiwa umelowa, utaungua. Zenye sindano ya petroli badala ya kabureta zina kompyuta na pampu ndani ya tenki, na kwa hizo maji kwenye petroli ni ghali zaidi. Mengine yote ni yaleyale, na vijiko viwili ni vilevile.

Kabla ya kupakia, mama aliomba kitu kimoja zaidi. Alikuwa ameona mahali kwadi zenye bomba refu la hewa lililopandishwa mpaka juu ya usukani, zinavuka maji yanayofika siti. Tumwekee hilo, yaishe. Nilikataa, na bado nakataa kila anapolirudia. Bomba linaokoa injini kwenye maji yaliyotulia. Mkondo wa Usangu ukishuka kutoka milimani haujatulia, na kwadi hii haikuzama kwa kukosa pumzi. Ilianza kuelea, ikasukumwa, ikalala. Bomba lingempa dereva ujasiri wa kuingia kwenye kina ambacho matairi hayashiki tena ardhi. Tulichofanya ni kurefusha mipira ya kupumulia ya injini na boksi la nyuma mpaka chini ya usukani, na kupiga alama ya rangi nyeupe kwenye fimbo ambayo dereva sasa anaifunga ubavuni mwa kwadi. Anaichomeka mtoni kabla ya kuvuka. Maji yakifika kwenye rangi, anaiacha kwadi ng'ambo na kurudi kwa miguu kupitia daraja la Chimala.